Nani apige hesabu ya pili?

Saa mbili asubuhi, wodi ya watoto wachanga katika hospitali moja ya Dar es Salaam. Nesi wa zamu ni mmoja, vitanda vimejaa, na wanafunzi watatu wa uuguzi wamejibanza ukutani. Nesi anamgeukia mmoja wao: "Mchome yule gentamaisini, kisha andika kwenye faili." Gentamaisini ni antibiotiki ya sindano. Je, amchome?

Wanaosema amchome wana hoja. Mkono haujifunzi kwa kutazama. Mwanafunzi aliyemaliza chuo akiwa mtazamaji atapewa leseni na Baraza la Uuguzi na Ukunga, halafu zamu yake ya kwanza ya usiku imkute peke yake zahanati, hana wa kumuuliza.

Wanaokataa wanatazama hesabu. Kichanga wa kilo 3, kwa miligramu 5 kwa kila kilo, anahitaji miligramu 15. Ampuli ya kawaida, kichupa cha kioo cha dawa, ina miligramu 80 ndani ya mililita 2, kwa hiyo unavuta mililita 0.375. Nukta ikihama hatua moja tu, inakuwa 3.75, dozi mara kumi ya dawa inayojulikana kwa kuumiza figo na masikio. Ukijikuta unavunja ampuli ya pili kwa mtoto mdogo hivyo, simama hapohapo.

Mimi niko upande wa amchome, kwa sharti: wapige hesabu wawili, kila mtu peke yake, ndipo walinganishe. Kumwonyesha nesi jibu na kumuuliza "sawa eh?" si kuhakiki, macho yaliyochoka huona yalichoambiwa. Na potasiamu kloridi isiyozimuliwa asiiguse kabisa bila msimamizi kando yake, maana ikisukumwa moja kwa moja mshipani husimamisha moyo.

Nitaambiwa muda hakuna. Hesabu ile ni ya dakika moja, na wanafunzi wengine wawili wamesimama tu pale ukutani. Kinachokwamisha zaidi ni adabu. Tumelelewa kutoa shikamoo na kutenda alichosema mkubwa, hata tukiwa na shaka. Anayesema "Sista, hii sijawahi kuitoa, naomba tuhesabu wote" huonekana mzito, na sifa hiyo humtangulia chuoni. Aliyebahatisha kimyakimya, bahati ikamwangukia, husainiwa kitabu chake cha mazoezi siku hiyohiyo.