Shuka la harusi kwenye migomba

Ukitaka kuwaona wadudu wa usiku, unatundika shuka jeupe, unawasha taa nyuma yake, unasubiri. Basi. Ila kihambani (shamba la nyumbani) kwetu Kibosho, Uchaggani, saa tatu usiku, shuka linalong'aa katikati ya migomba, huku mtu mwenye tochi kichwani akilizunguka na chupa mkononi, haliitwi utafiti. Linaitwa kesi.

Ilikuwa masika. Shuka nililochukua ni letu la harusi (mama watoto alikuwa kwao Rombo, ndiyo maana). Haikupita nusu saa wakajaa: nondo, dundu, vunjajungu aliyekuja kula wenzake, na buibui niliyemfukuza kwa kuwa ana miguu minane wakati mdudu halali ana sita. Mara, pwa! Likatua dude la kahawia, lina mabawa, tumbo nene kama soseji. Dume la siafu! Nikapiga yowe la furaha. Linnaeus mwenyewe, yule Mswidi aliyewapa viumbe majina ya kisayansi, mwaka 1764, dume wa jamaa hao alimwandika kuwa ni nyigu. Mimi nimemjua papo hapo.

Yowe ndilo lililoniponza. Ng'ambo ya masale (mimea ya mpakani, ambayo jani lake Wachagga huombea msamaha), bibi jirani alikuwa ameshaiona sanda ikipepea gizani. Sasa imepata na sauti. Akaanza rozari, tena kwa nguvu. Punde wakaingia wanaume watano na mapanga, balozi wa nyumba kumi mbele.

"We kijana, unafanya nini?"

"Natazama wadudu, mzee."

"Usiku?"

Nikamwonyesha chupa. "Huyu ni dume la siafu. Hufuata taa, wala haumi kama wale vibarua wao."

Balozi akalikagua lile dude. "Na hao vibarua wako wapi?"

Kabla sijajibu akapiga teke hewani. Kisha la pili. Kumbe wote sita tulikuwa tumesimama juu ya njia yao! Siafu vibarua hawana macho, lakini mlango wa suruali hawaukosi. Mapanga chini, mikanda ikafunguliwa. Bibi aliyekuja kushuhudia pepo likitolewa akakuta wanaume wazima wanarukaruka na nguo za ndani mbele ya sanda, akageuka bila kumaliza fumbo la tatu la rozari.

Balozi, suruali yake ikiwa bado na wenyewe ndani, alijifunga shuka akaenda nalo kwake. Hajalirudisha, na kulidai naona haya.

Mama watoto anarudi Jumamosi. Jani la sale nimeshakata.