Kasala ya kambo haikai kwenye daftari

Lubumbashi tunajua kulia watu wetu. Kambo, yaani nyanya au bibi yetu, akifariki, siku hiyohiyo viti vinakodiwa, kwaya ya parokia inaitwa, kitenge cha familia kinatafutwa sokoni. Lakini nyimbo zake mwenyewe, alizoimba jikoni na kanisani maisha yake yote, hakuna aliyezirekodi kwa simu. Kwangu hilo ni kosa kubwa, na asubuhi moja tu ingetosha kulizuia.

Kwa familia za Waluba, anzeni na kasala, yaani majina ya sifa ya mababu na ya ukoo yanayotamkwa kwa kuimba, hasa na akina mama kwenye kilio. Wajukuu wengi huja na daftari. Halitoshi. Kiluba na Ciluba ni lugha za toni: silabi ikipanda au ikishuka, neno linaweza kuwa jingine kabisa, nasi tunaandika bila alama hizo. Mjukuu aliyekulia kwenye Kiswahili, ambacho hakina toni, atasoma majina ya wazee wake na kuyavunja moja baada ya jingine. Sauti kwanza, maandishi baadaye.

Simu ilazwe juu ya kitambaa kilichokunjwa, kama sentimita 30 kutoka mdomoni. Isishikwe mkononi, kwa maana kila kidole kinachosogea kinasikika. Chumba cha sakafu ya simenti kina mwangwi. Simamisheni godoro ukutani, upande anaotazama kambo. Na msingoje Januari: mvua ikipiga mabati, neno halisikiki. Chajini simu jana yake, umeme tunaujua. Kwa WAV ya mono (faili ya sauti isiyobanwa, ya mkondo mmoja), dakika moja inakula karibu MB 5, basi hakikisheni nafasi ipo. Kumtumia ndugu faili hiyo kwa WhatsApp, itumeni kama dokyumenti, vinginevyo inaweza kubanwa na kupoteza ubora.

Aimbe kasala yote bila kukatizwa. Ndipo mumsikilizishe, mkisimamisha kila jina: huyu ni nani, mtoto wa nani, wa kijiji gani? Hapa ndipo kazi ilipo, na hapa ndipo watu huchoka mapema. Nyimbo za kanisa zichukuliwe mara mbili, peke yake kisha watoto wakiitikia, kwa sababu wengine hukumbuka ubeti wa tatu wanapoitikiwa tu.

Msimuulize mwaka kama polisi. Muulizeni kama ilikuwa kabla ya Uhuru, wakati Katanga ya Tshombe ilipojitenga na Kongo (1960 hadi 1963), au mji wetu ulipoacha kuitwa Élisabethville mwaka 1966. Majina nayo yanachanganya: mwaka 1972 serikali ya Mobutu ilikataza majina ya Kikristo, hivyo kambo anaweza kuwa na jina moja kwenye kadi ya ubatizo na jingine kwenye kitambulisho. Andikeni yote mawili.

Jambo moja wanakwaya watanielewa. Sauti ya mwanamke hushuka kadiri anavyozeeka, na kwaya ikianza wimbo wake juu mno, yeye ananyamaza. Muacheni aanzishe mwenyewe, kwa kimo chake, nanyi mumfuate hukohuko chini.