Fulana Isifiwe Baada ya Kufuliwa

Tathmini nyingi za fulana za michoro zinazosambaa mtandaoni huandikwa siku ileile kifurushi kinapofunguliwa. Mwandishi huitandaza fulana kitandani, huipiga picha penye mwanga mzuri, humsifu mchoraji, hutaja kwamba kitambaa ni laini, kisha huweka kiungo cha duka. Sina ugomvi na furaha ya kufungua kifurushi, lakini tathmini ya namna hiyo inazungumzia picha, ilhali msomaji ananunua vazi. Mchoro uliochapwa kwenye pamba utavutwa, utalowa jasho, utasuguliwa na mkoba, utafuliwa pamoja na suruali ngumu na kuanikwa juani, na mpaka hayo yatokee hakuna anayejua kama kazi ilifanywa sawasawa.

Ninayasema haya kwa sababu ninazipenda chapa ndogo zinazojitegemea. Huko mchoraji bado anaweza kuchapa wazo la ajabu ambalo kampuni kubwa isingelipitisha kikaoni, na anaweza kuchapa fulana chache tu bila kuhofia kubaki na ghala lililojaa. Upendo huo, hata hivyo, umewafanya watathmini wengi kuwa wapole kupita kiasi, kana kwamba udogo wa chapa ni sababu ya kuisamehe kola iliyolegea.

Tuanze na mchoro wenyewe, maana hapo ndipo sifa nyingi hutolewa bila kufikiri. Mchoro unaopendeza kwenye simu si lazima upendeze kifuani. Fulana huonwa na mtu anayepita, hatua kadhaa kutoka ilipo, tena juu ya mwili unaosogea na kukikunja kitambaa. Mwaka 1984 mbunifu wa Uingereza, Katharine Hamnett, alikutana na Waziri Mkuu Margaret Thatcher akiwa amevaa fulana nyeupe yenye maandishi makubwa meusi yaliyosema kwamba asilimia 58 hawayataki makombora ya nyuklia ya Pershing, na ukubwa wa herufi zile ulihakikisha kwamba hakuna picha ya tukio lile ambayo ingeuficha ujumbe. Nembo ya New York iliyobuniwa na Milton Glaser miaka ya 1970 ina herufi tatu na moyo mwekundu, basi. Siyo kwamba kila fulana iwe na maneno machache na rangi mbili. Ninachosema ni kwamba wabunifu hawa walijua kazi yao itasomwa wapi. Chapa nyingi changa leo zinapenda mafuvu, nyoka na maua yaliyochorwa kwa mistari myembamba kama unywele, na mistari hiyo inapofika kwenye skrini ya kuchapia, ambayo ni wavu uliokazwa kwenye fremu, ama huzibwa na wino ama hupotea kabisa. Mimi humpa alama za juu mchoraji aliyekubali kupunguza mapambo ili kilichobaki kionekane.

Kuzigundua chapa hizi ni kazi inayohitaji kumfuata mchoraji kuliko kulifuata duka. Threadless, duka la fulana la mtandaoni lililoanzishwa Marekani mwaka 2000, lilionyesha njia moja: wachoraji waliwasilisha kazi, watu wakapiga kura, na zilizopendwa zikachapwa. Hadi leo dalili ninayoiamini kuliko zote ni jina la mchoraji kuandikwa waziwazi kando ya fulana. Duka lenye maelfu ya michoro isiyo na wenyewe, ambapo kila fulana imepigwa picha kwenye mwili uleule na mikunjo ileile, kwa kawaida limebandika michoro juu ya picha moja kwa kompyuta, na huenda hakuna mtu dukani humo aliyewahi kuishika fulana anayoiuza. Mwishoni mwa 2019 wachoraji kwenye Twitter walifichua jambo baya zaidi: kulikuwa na programu zilizotafuta maoni ya watu waliosema wangependa kuuona mchoro fulani kwenye fulana, zikauiba mchoro huo na kuuweka sokoni. Wachoraji walijibu kwa kutega michoro yenye wahusika wa Disney, na maduka yakajikuta yakiuza mali ya kampuni isiyo na mzaha na hakimiliki zake. Mtathmini anayesifu fulana bila kuuliza nani aliyeichora anaweza kuwa anamtafutia mwizi wateja.

Fulana ikishafika mkononi, mambo mawili yanastahili maelezo ya kina: kitambaa na wino. Kuhusu kitambaa, chapa ndogo nyingi hununua fulana tupu zilizokwisha kushonwa na kuchapa juu yake, na sioni aibu yoyote hapo. Aibu ni kuificha habari hiyo. Kwa mfano, fulana tupu iitwayo Bella+Canvas 3001 ina uzito wa takriban gramu 142 kwa mita ya mraba, Gildan 5000 takriban 180, na Comfort Colors 1717 hupita kidogo 200. Anayezifahamu hizo tatu akilijua jina la fulana tupu ameshajua nusu ya habari. Siku hizi uzito umegeuzwa kuwa sifa, na watu huandika kwamba fulana ni nzito kana kwamba wamemaliza kusema. Fulana nzito iliyofumwa kwa uzi mkwaruzo bado itakera shingo, na nyepesi ya uzi uliosokotwa vizuri inaweza kuvaliwa miaka mingi.

Wino ndio unaotenganisha kazi ya fundi na kazi ya haraka. Plastisoli, wino unaotumika sana kwenye uchapaji wa skrini, hukaa juu ya kitambaa na huhitaji kupashwa joto la kama nyuzi 160 za Selsiasi mpaka tabaka lote liive. Lisipoiva, huonekana zima kabisa siku ya kwanza, halafu baada ya kufuliwa huanza kupasuka nyufa kama tope lililokauka. Wino wa maji huingia ndani ya nyuzi za pamba, kwa hiyo ukipitisha kiganja juu ya mchoro huhisi karibu kitambaa kitupu. Nao mchoro uliochapwa kwenye filamu na kubandikwa kwa joto hutoa rangi kali na maelezo madogo kwa usahihi wa kushangaza, lakini ukiwa mkubwa hufunika kifua kama karatasi ya nailoni na kuzuia hewa. Kuna jambo ambalo ningependa kila mtathmini alifanye: aivute sehemu ya mchoro taratibu kwa vidole vya mikono miwili penye mwanga. Kwenye fulana nyeusi utauona wino mweupe uliotangulizwa chini ya rangi, na kama fundi hakuzipanga skrini sawasawa, ukingo mwembamba mweupe utachungulia pembeni ya nyekundu au ya bluu. Picha ya dukani haitakuonyesha ukingo huo kamwe.

Kisha fulana ifuliwe, tena zaidi ya mara moja, ikiwa imegeuzwa ndani nje kama lebo nyingi zinavyoshauri. Ipimwe urefu kabla na baada, maana pamba ambayo haikusinyazwa kiwandani hurudi, na aliyenunua saizi inayomtosha sawasawa ataishia kuonyesha kitovu. Iangaliwe mishono ya ubavuni: kitambaa chepesi cha kufumwa kina tabia ya kujipinda, na mshono ulioanza chini ya kwapa unaweza kuhamia tumboni. Kola ielezwe kwa maneno, isipewe nyota tu.

Suala la fedha nitalipita haraka kwa kuwa halina utata. Aliyepewa fulana bure aseme kapewa, na anayelipwa kwa kila mnunuzi anayepitia kiungo chake aseme hivyo kwenye mistari ya kwanza, si chini kabisa kwa herufi za kijivu.

Jambo la mwisho linahusu tarehe. Chapa ndogo hubadilisha mchapaji au fulana tupu kati ya toleo moja na jingine, mara nyingi bila kutangaza, kwa sababu msambazaji ameishiwa au bei imepanda. Mchoro unabaki uleule, ukurasa wa duka unabaki uleule, lakini vazi si lile tena. Kwa hiyo tathmini itaje mwezi na mwaka ambao fulana ilinunuliwa, pamoja na maneno yote yaliyo kwenye lebo ya ndani, ili anayeisoma miaka miwili baadaye aweze kulinganisha na fulana aliyoletewa yeye.