Mzee Themanini na Tano

Asubuhi hii nimepanda daladala ya stendi ya Kange, hapa Tanga, binti wa shule akanyanyuka kwenye kiti kwa adabu kabisa. "Kaa, babu." Nikamwambia mwanangu kaa tu, mie nguvu bado ninazo. Kondakta akadakia: "We mpishe huyo! Ndiye Mzee Themanini na Tano." Gari zima likanigeukia kwa huruma. Mama mmoja akasema mashallah, na fimbo hana.

Nina miaka 61. Sitini na moja! Themanini na tano si umri wangu, ni asilimia ya pombe iliyomo kwenye gari la mpwa wangu. Naeleza mara moja tu, maana nimechoka kueleza mmoja mmoja pale kwenye kahawa ya Barabara ya 9, ambako siku hizi sijakaa sawasawa mtu keshamwambia muuza kahawa, "Huyu mpe chungu tupu, azimue."

Mpwa wangu, mtoto wa dada yangu mkubwa, ana Subaru. Mnazijua zile, zenye tundu juu ya boneti kama pua ya kiboko, na bomba la moshi unaloweza kutupia embe likaingia zima. Ikiwashwa Chumbageni, kuku wa Makorora wanataga kabla ya siku zao. Kaifunga tabo kubwa kuliko ile iliyotoka nayo Japani. Yeye akisema tabo mie nasikia taabu, na mpaka leo sijaona tofauti.

Kazi ya tabo, alivyonieleza, ni kushindilia hewa ndani ya injini. Ukishindilia mno, petroli inashika moto kabla ya saa yake, na injini inaanza kugonga kama mwenye nyumba tarehe moja. Dawa yake, ati, ni pombe: ethanoli asilimia 85, petroli 15. Wenyewe wanaiita E85. Oktani yake, yaani uvumilivu wa kushindiliwa bila kulipuka mapema, inavuka 100, haishtuki ovyo, tena inapogeuka mvuke inanyonya joto na kuipoza injini kwa ndani. "Mjomba, farasi wanaongezeka!" Farasi wa nini, mjomba? Tanga hii unashindana na nani? Mji wa baiskeli, ukipiga honi mara mbili watu wanauliza umefiwa.

"Wenzetu Brazil wana mpango huu tangu 1975," ananiambia, "miwa inaingia kwenye magari." Sawa, lakini Brazil ukitaka unakwenda kituoni unajaziwa. Hapa kituo gani? Bomba la mafuta ghafi linatoka Hoima, Uganda, kilomita 1,443, linakuja kukomea Chongoleani hapo, pua na mdomo, na kijana wa hapa hapa anahangaika na pombe ya miwa kwenye madumu ya buluu! Anaitoa wapi msiniulize. Anachanganyia uani kwa dada, kwa kile kikombe cha kupimia unga. Nyumba nzima inanuka sindano. Balozi keshakuja mara mbili kunusa.

Nikadhani basi, kwa mateso yote hayo, itakuwa ya bei nafuu. Kumbe lita moja ya ethanoli ina nguvu pungufu kwa theluthi kuliko lita ya petroli! Tena kilo yake moja inachanganywa na hewa kilo 9, petroli karibu 15. Maana yake gari sharti linywe zaidi. Kwa hiyo pampu kabadilisha, nozeli kabadilisha, kontroboksi, ule ubongo wa gari, kaitia programu mpya, yote hayo ili mafuta yatumike mengi. Mtu anatoa pesa apate nafasi ya kutoa pesa. Mie nikitaka hasara ya kimyakimya nafuga kuku wa kisasa.

Yote hayo yangekuwa yake na mama yake. Balaa ni kwamba kijana anaoa, na mshenga ni mie.

Ijumaa baada ya swala tukaondoka kwenda Muheza. Mie kanzu nyeupe, koti jeusi, kofia ya kushona kwa mkono, barua ya posa nimeifunga kwenye kitambaa cha hariri, na mzee mwenzangu wa mtaani kushoto kwangu. Nilitaka teksi. Kijana akakataa: "Mjomba, mfike kwa heshima." Na kwa kuwa mnyama wake haendeshwi na mtu mwingine, akaendesha mwenyewe. Muoaji anapeleka barua yake! Tukakubaliana akifika ajifiche chini ya mwembe, nyumba ya tatu, asionekane.

Mpaka Pongwe tulisoma dua tunazozijua. Kutoka Pongwe tukakumbuka na tulizozisahau. Yeye huku kaachia usukani mkono mmoja, ananionyesha mashamba ya mkonge: "Mjomba, unajua mkonge ni ndugu wa ule mmea wa tequila?" Mjerumani alileta miche yake 1893, ikasalimika 62 tu, ikaujaza mkoa mzima kwa kamba na magunia, babu zetu wakachanika mikono. Sasa huyu anautazama kwa kiu. Ya gari, lakini kiu.

Mkanyageni gari likaanza kukohoa. Mara linakwenda, mara linasita, mara linajitikisa kama mbwa aliyetoka majini. Likazima. Kumbe pombe ikiingia kwenye tangi la gari la mtumba inabandua uchafu wote wa miaka, inaukokota mpaka kwenye filta, na filta inaziba. Yaani pombe imelisafisha gari! Ndiyo mara ya kwanza nasikia pombe imemsafisha mtu.

Filta ya akiba anayo. Akafungua boneti, akabadilisha, halafu akaona heri aongeze na mafuta kabisa. Dumu lipo, faneli ni chupa ya maji iliyokatwa kitako, na wa kuishika ni nani? Mzee mwenzangu kiuno kinamuuma. Nikashika. Akaja jamaa na sigara mdomoni kutazama, kijana akampigia kelele mpaka akaimeza, maana mwali wa pombe juani hata kuuona ni shida. Tukiwa katika kushtuka huko likapita lori la machungwa kwa kasi, upepo ukanijaa kwenye kanzu, chupa ikachomoka.

Lita mbili. Kutoka kifuani mpaka magotini.

Baridi yake, jamani! Saa tisa ya jua la Muheza meno yakagongana. Hapo ndipo nilipoamini habari ya kupoza injini.

Hakuna pa kubadilishia, na watu wanasubiri. Kijana ananifariji, "Itaruka, mjomba, spiriti inaruka upesi." Inaruka, ndiyo. Iliruka yote ikajaa ndani ya gari, tukafika macho mekundu sote watatu. Yeye akaishia mwembeni, sisi tukapiga hodi.

Tukakaribishwa jamvini. Baba mkubwa wa binti, mtu wa ndevu nyeupe na tasbihi, akanipa mkono, kisha akaupeleka mkono wake puani kama mtu anayejikuna. Nikamwona. Akamtazama mdogo wake. Mdogo wake akaenda kufungua dirisha. Dirisha lilikuwa wazi, akalifungua tena.

Nikakohoa, nikaanza. "Sisi tumekuja kwa heshima na taadhima. Tumepita njiani tumeona ua katika bustani yenu..."

Kwenye kona alikaa bibi wa binti. Macho hayaoni vizuri lakini pua anayo. "Nani kachomwa sindano?" akauliza.

Shangazi mtu akamwinamia. "Si sindano, bibi. Gongo."

Nikajifanya sikusikia, nikatoa barua. Hariri imelowa, barua imelowa, wino umeyeyuka. Jina la binti linasomeka nusu. Jina la muoaji limekwenda lote. Baba mkubwa akaishika kwa vidole viwili, akaigeuza, akaigeuza tena.

"Bwana," akasema taratibu, "si desturi yetu kumhoji mgeni. Lakini umekunywa?"

"Sikunywa mie. Limekunywa gari."

Kimya.

"Gari."

"Naam. Asilimia themanini na tano."

Mzee mwenzangu, badala ya kuniokoa, akaongeza: "Na iliyobaki ndiyo hiyo imemmwagikia."

Nikajitahidi kueleza oktani. Hebu wewe jaribu kueleza oktani jamvini kwa wakwe huku unanuka kilabu! Kila nilipofafanua nikazidi kulewa. Nikasema ni kwa ajili ya kupoza. Shangazi akasema ndivyo wasemavyo wote. Nikasema Brazil wanafanya. Baba mkubwa akauliza huyo Brazil ndiye muoaji? Nikasema hapana, muoaji ni mpwa wangu, kijana mtulivu, fundi.

"Naye anakunywa?"

"La! La hasha. Yeye huchanganya tu."

Nililisikia neno likitoka, nikataka kulikamata kwa mkono. Wakati huohuo huko mwembeni mtulivu wangu akaona ajaribu filta mpya. Pa! Papapa! Mbuzi akakata kamba, kikombe cha bibi kikamwagika, mtoto akaingia mbio anapiga kelele, "Gari la wageni linatema moto nyuma!"

Baba mkubwa akaikunja barua. "Tutawapa jibu," akasema. Halua ilikuwa imeshaletwa mpaka mlangoni, nikaiona ikirudishwa ndani.

Mie nimezaliwa Pangani. Minazi mpaka dirishani. Mgema alikuwa anapita kila magharibi, anakugawia bure, na sikuonja. Arusini nimetengewa na wahuni, sikuonja. Miaka 61 najilinda, bwana we, nimepita mitihani ambayo nyie hamtaiweza, halafu nije kuaibishwa na tangi la mafuta? Na dawa za kikohozi huwa nasoma kwanza kibandiko!

Na gari lenyewe haliwaki sasa, siku ya nne. Ethanoli inavuta unyevu, na hewa hii ya Tanga unaweza kuianika ukaikamua. Dumu lilibaki wazi uani, likajinywea maji ya hewani, naye akayamimina hayo hayo kwenye tangi. Jana kaja kuniomba nimkopeshe. Ati kuna kifaa kinafungwa kwenye mpira wa mafuta, kinapima humo ndani mna pombe kiasi gani, kinaiambia kontroboksi, injini inajirekebisha. Gari linapimwa ulevi! Nipimeni mie basi, mnipe karatasi nitembee nayo.

Jibu la Muheza nalo limefika. Posa imepokelewa. Wamemchunguza kijana, wamemkuta ana kazi na anaswali, hawana neno naye. Ila wanaomba mshenga abadilishwe. Mwenye dumu kakubaliwa, aliyemwagiwa karudishwa! Ndiyo safari yangu ya Kange leo, kumpokea binamu yangu anayetoka Handeni, ndiye mshenga mpya. Mtu wa ugoro huyo, anapiga chafya kila neno la tatu. Lakini ugoro hauna asilimia.

Na kanzu bado iko kwa dobi. Kaifua mara mbili, rangi ya yai haitoki. Kuipiga pasi hataki: umeme hakuna tangu saa tatu, iliyopo ni pasi ya mkaa, naye anasema kanzu hiyo na mkaa haviweki chumba kimoja, ana watoto. Nikamwambia spiriti ilisharuka zamani. Akainusa, akanitazama, akashusha sauti akaniuliza inauzwa wapi. Nikamwambia nipe kanzu yangu. Akasema nilipe kwanza, na mkaa umepanda, nikamwuliza mkaa ambao hukuutumia unaniingiza mie vipi, tukawa tumeshikana hapo, maana gunia la mkaa lenyewe siku hizi... Ngojeni. Maji yametoka! Niacheni nikakinge.