Kutoka chuo cha kifahari kwenda chuo cha jimbo: mimi nasema ahamie

Mtoto wa dada yangu anasoma fizikia katika chuo kimoja binafsi mashariki ya Marekani, vile vyuo ambavyo ukitaja jina tu watu wananyamaza. Sasa anataka kuhamia University of Iowa, chuo cha serikali katika jimbo tunamoishi. Sisi huku tulilizungumza kwa utulivu. Habari ilipofika kwa ndugu zetu Lubumbashi, Kongo, simu hazikukatika. Mdogo wangu aliniuliza: «Yaya, mutoto balimufukuza?»

Hofu yao ninaielewa, maana nimesoma Kasapa, kampasi ya Chuo Kikuu cha Lubumbashi, ambacho ni cha serikali. Wengi wetu tulikuwa makizara: huna kitanda chako, unajibana chumbani kwa rafiki, na asubuhi unakunja godoro upesi ili wenye chumba wapate pa kukanyaga. Auditwari, yaani ukumbi wa masomo, ikijaa, unaandika umesimama dirishani. Kisha maprofesa wanagoma kudai mishahara, mwaka unarefuka, na mzazi aliyekwisha kulipa minervali, yaani ada ya chuo, anaombwa tena pesa ya kuwapa moyo maprofesa hao hao. Ndiyo maana kwetu mwenye uwezo akisikia «chuo cha serikali» anakimbilia cha binafsi.

Lakini Kasapa haikuzaliwa hivyo! Chuo chetu kilianzishwa mwaka 1955. Mwaka 1971 kiliunganishwa na Lovanium, chuo cha Kinshasa, na kile cha Kisangani kuwa chuo kimoja cha taifa, mpaka 1981 kila kimoja kikasimama tena peke yake. Kilichokiumiza ni serikali kuacha kukilisha. Akili hazikupungua, za wanafunzi wala za walimu, na hilo linaniuma hadi leo.

Huku majimbo yenyewe yalibeba vyuo vyao. Fizikia anayoitaka kijana wetu ina historia nzito hapa: James Van Allen, profesa wa chuo hiki hiki cha jimbo, ndiye aliyegundua mikanda ya mionzi inayoizunguka dunia, mwaka 1958, kwa kifaa chake kilichobebwa na setilaiti ya Marekani Explorer 1. Hiyo mikanda inaitwa kwa jina lake. Nani atasema mtoto anashushwa?

Kuhusu pesa, msinielewe vibaya. Vyuo tajiri vya Marekani husaidia sana familia zenye kipato kidogo, na wako watoto wanaolipa huko kidogo kuliko ambavyo wangelipa kwenye chuo cha jimbo. Soma kwanza barua ya msaada, ile inayosema chuo kitakusaidia kiasi gani; jina baadaye. Katika familia yetu, shemeji alipopata kazi ya pili, msaada ulipungua, na pengo likazibwa kwa mkopo. Mkopo wa serikali ya Marekani unaanza kudaiwa miezi sita baada ya kuacha masomo, uwe umepata kazi au hujapata. Kumtwisha kijana wa miaka ishirini deni hilo kwa ajili ya jina ambalo sisi ndio tunaopenda kulitaja arusini, mimi sikubali.

Ninachohofia ni krediti, zile pointi unazohesabiwa kwa kila somo ulilofaulu. Chuo kipya hakilazimiki kupokea masomo yote aliyokwisha kufaulu, kwa hiyo nimemwambia asijitoe kule kabla hajapewa kwa maandishi orodha ya yaliyokubaliwa. Wakimwambia arudie mwaka mzima, nitamshauri abaki na tutatafuta pesa. Wakikubali hesabu na fizikia alizokwisha kumaliza, ahamie, na Lubumbashi nitapiga simu mimi mwenyewe.