Folio ya 41 Imeliwa

Katika kitabu changu cha atachimenti, yaani mafunzo ya kazini, wiki ya sita, Jumatano, safu ya "Kazi iliyofanywa" inasema: "Uhifadhi wa nyaraka kwa kutumia upepo." Mhadhiri aliyekuja kunikagua aliisoma mara mbili, akauliza hiyo ni teknolojia ya wapi. Nikamwambia ya hapa hapa Lamu.

Nilikuwa mwaka wa tatu, utawala wa umma, na chuo kilikuwa kimenipeleka muhula mzima: mchana ofisi ya serikali, jioni masomo mawili kwa intaneti. Watu hudhani kupata nafasi ndiyo kazi. Kazi ni karatasi zake. Barua ya maombi, barua ya utambulisho kutoka chuoni, wasifu, nakala ya kitambulisho, na bima ya ajali. Hiyo bima ndiyo huwachelewesha wengi, kwa sababu kila mtu huiacha ya mwisho. Mimi niliilipia nikinung'unika. Nikasema, ofisini mtu ataumizwa na nini, stepla?

Nikawekwa masijala, chumba cha kutunzia faili. Aliyenipokea ni mzee mmoja mwenye kofia ya vito, mtaratibu, ambaye hakuwahi kuharakisha kitu maishani isipokuwa kwenda Ijumaa. Siku ya kwanza alinifundisha faili. Barua ikiingia, inagongwa muhuri wa kupokewa wenye tarehe. Kisha inaandikwa katika daftari la barua zinazoingia. Kisha inatobolewa, inatiwa kwenye uzi wa kijani wenye ncha za chuma, ya zamani chini, mpya juu, na kila karatasi inapewa namba pembeni, juu, mkono wa kulia. Hiyo ndiyo folio. "Faili ni tasbihi," aliniambia. "Punje moja ikitoka, utahesabu mpaka asubuhi."

Akaongeza masharti mawili. Namba iandikwe kwa biro, si kwa peni nyingine. Na faili likitoka mlangoni, liandikwe limekwenda wapi na nani, lifungwe ndani ya nailoni.

La biro nililivunja wiki ya pili. Nilikuwa na peni nyekundu ya wino mzito, ile ya kuandikia mabango, na namba zake ziling'aa hata ukiwa mlangoni. Nilipewa faili moja nene nilipange upya, nikaandika namba thelathini kwa mkono wa fahari. Faili lenyewe lilikuwa la malalamiko kuhusu wanyama wa mizigo. Ukitaka kuujua mji wa Lamu, acha majumba yaliyowaleta UNESCO 2001, soma faili hilo. Vichochoro havipitishi gari, basi simiti, mchanga, matofali, mitungi ya gesi, vyote hubebwa na punda. Na punda jioni akifunguliwa hutembea apendako. Folio 112, tangu serikali ya kaunti ilipoanza 2013. Punda kalala barazani kwa watu. Punda kaingia harusini. Folio ya 41 niliipenda kuliko zote: mwenye duka alilalamika kwamba punda amekula daftari lake la madeni, kurasa nane, na tangu siku hiyo wateja wake wote wamekuwa waaminifu, hakuna anayekumbuka deni.

Sasa, ofisi nyingi za kaunti ziko Mokowe, ng'ambo, bara. Jumanne ya wiki ya sita kikaitishwa kikao huko saa tano, na bosi akataka faili hilo. Mzee wa Masijala alikuwa ametoka. Nikalichukua, nikajiandikia kwenye daftari la safari, nailoni nikaiacha mezani. Nilitaka watu waone nimebeba faili la serikali.

Lazima nieleze maji. Ilikuwa bamvua, mwezi mpevu. Pwani hii, siku za bamvua, maji hukupwa mpaka chini kabisa mnamo saa nne asubuhi, na tofauti ya kujaa na kukupwa hukaribia mita tatu. Kwa hiyo ukifika gatini saa nne ya bamvua, ngazi ambayo jana ulishuka hatua mbili leo ina hatua kumi na zaidi, na zile za chini zimevaa mwani. Tena ilikuwa kusi. Kusi likivuma bahari inatapika. Mtu wa hapa hukaa upande wa demani, upepo uwe ng'ambo yake, mzigo umeusukuma chini ya ubao wa omo, mbele ya boti. Mimi nilikaa joshini, upande unakotoka upepo, faili magotini, nikala maji ya chumvi safari nzima kama dakika ishirini na tano, nikilifuta jalada kwa tai.

Mokowe gati lilikuwa limejaa. Boti yetu ikafungwa ya tatu, na abiria hupita juu ya boti mbili za wenzao ndipo wafike ngazini. Hili lina utaratibu wake: mikono miwili iwe tupu, na usivuke mpaka wimbi linyanyue boti uliyomo, ikipanda, unatoka. Ikishuka ukivuka, unavuka hewani. Nahodha alinionya. Alipiga kelele, "Ngoja iye yuu! Iye yuu!"

Mimi ni mtoto wa Nakuru. Kiswahili changu cha shuleni kilikuwa na alama A, na ndani yake hamna "iye yuu". Nilidhani anamwita mtu aitwaye Yuyu. Nikageuka kumtafuta huyo Yuyu, nikiwa mguu mmoja huku na mmoja kule. Boti zikaachana.

Maji yalinifika kifuani. Yaliyofuata niliyaona kwa macho yangu: nahodha akachukua upondo, ule mti mrefu wa kusukumia boti, akaunyoosha, nikaushika kwa shukrani, akanipiga nao vidoleni. "Achia! Faili kwanza!" Akalivuta faili kama samaki, akalikung'uta, akalianika juu ya injini, ndipo akanikumbuka mimi. "Iye yuu," akaniambia taratibu, kama anayefundisha chekechea. "Ije juu." Nikamwambia sasa nimeelewa.

Kikao hakikufanyika. Akidi haikutimia. Nilisimama mlangoni nikichuruzika, na hakuna aliyeuliza faili.

Ningekwenda moja kwa moja kwa Mzee kukiri, hapa hadithi ingeisha. Lakini nililificha faili chini ya shati, nikarudi Lamu, nikapanda kwa mwenye nyumba wangu huko Mkomani. Bi Mkubwa alinitazama, akalitazama faili, akanusa. "Chumvi hiyo. Haikauki hiyo hata ukiianika mwaka. Kanzu ikiingia baharini tunaitia maji baridi kwanza."

Alikuwa sahihi kabisa. Chumvi huvuta unyevu wa hewani. Karatasi yenye chumvi utaiona imekauka mchana, usiku imelegea tena. Basi tukatoa karatasi kwenye uzi, moja moja, tukazipitisha kwenye beseni la maji matamu, bila kusugua, mbili ukijaribu kuzibandua kwa pamoja zinachanika. Hapo ndipo nilipozijua wino. Barua za taipureta zilisimama imara. Zilizochapwa kwa mashine ya leza, imara. Biro, imara. Za printa ya wino wa maji zilifanya mawingu. Mihuri ya zambarau ya "IMEPOKEWA" ilitanuka ikawa maua. Na namba zangu thelathini nyekundu zilitoka zote, zikalipaka beseni rangi ya sharubati, na Bi Mkubwa akauliza kama serikali huandika kwa hina.

Usiku huohuo nilikuwa na darasa la intaneti. Somo? Usimamizi wa kumbukumbu. Mada ya wiki? Majanga. Mtandao ulikuwa unakatikakatika, nikasikia mhadhiri akisema karatasi zilizolowa ambazo hazitakauka ndani ya siku mbili zigandishwe kwenye friza, zisiote kuvu, kisha zikaushwe polepole baadaye. Friza ya Bi Mkubwa ilikuwa imejaa nguru. Nikafikiria bosi akifungua faili linalonuka biriani, nikaacha.

Jumatano nikasema ninaumwa, nikapanda paani. Kukausha karatasi kuna mambo matatu: kivuli, si jua, maana jua huzikunja, hewa inayopita, na kila karatasi peke yake. Kivuli nilikipata chini ya makuti. Hewa, Mungu alitoa nyingi kupita kiasi. La tatu ndilo liliniangusha. Nilikuwa na folio 112 na vibanio vya nguo 60, kwa hiyo nyingi nilizibana mbili mbili. Kutwa nzima hazikutikisika. Karatasi mbichi ni nzito, kibanio kimoja kinazimudu. Zikishakauka zinakuwa nyepesi, zinakunjamana, kibanio kinashika moja na kuiachia ya pili. Na zangu zilikauka saa tisa alasiri, saa ambayo kusi huamka kutoka usingizini.

Nilikuwa naswali laasiri. Niliporudi, folio 19 zilikuwa juu ya mji wa Lamu.

Mbili zilinasa kwenye makuti ya jirani, nikaziopoa kwa fimbo ya ufagio. Kwa zilizobaki nikashuka mtaani, nikawakuta watoto wanatoka madrasa, nikatangaza peremende moja kwa kila karatasi. Usifanye hivyo. Ndani ya nusu saa walikuwa wameniletea karatasi 31. Zangu zilikuwa 15. Nyingine zilikuwa za mtihani wa hesabu, ukurasa wa kalenda, karatasi ya daktari yenye dawa ambayo bado haijanunuliwa, na risiti ya umeme ambayo mwenyewe alikuja kuidai usiku akiwa amekasirika. Mtoto mmoja alileta karatasi moja aliyoichana vipande vinne, akataka peremende nne.

Zikabaki mbili: folio ya 67 na folio ya 41.

Ya 41 niliipata kabla ya magharibi, karibu na Mkunguni. Au tuseme niliipata inavyoondoka. Punda mmoja wa kijivu alikuwa amesimama ukutani, macho nusu, anatafuna kwa utulivu wa mtu anayesoma gazeti. Nje ya mdomo ilikuwa imebaki pembe moja. Nikaivuta. Akaivuta. Tukatazamana. Mwishowe ilikatika, nikabaki na kipande cha vidole viwili, kimelowa mate, na juu yake, kwa biro ya Mzee, bila kutanuka hata kidogo: 41.

Ya 67 sikuiona. Nikapanga nyingine usiku kucha kwa tarehe, kwa sababu namba zangu hazikuwepo, nikapitisha uzi, nikaliweka faili chini ya godoro na mtungi wa gesi juu. Asubuhi lilikuwa limenyooka, ila limenenepa mara mbili. Karatasi iliyolowa hairudi wembamba wake.

Mzee alikuwa amekwishafika. Mbele yake kulikuwa na kahawa tungu na karatasi moja iliyong'aa mafuta, unaona meza upande wa pili.

"Sabalkheri, Mzee."

"Sabalkheri. Jana nilinunua bajia za kunde Langoni," akasema. "Shilingi hamsini. Bajia nzuri. Mimi hula bajia nikisoma, huwa ni karatasi za watoto wa shule. Jana nimesoma barua niliyoipokea mwenyewe na kuigonga muhuri mwenyewe." Akaigeuza. Folio ya 67. "Nambie, mwanangu, faili letu liko wapi kwingine? Kwa muuza viazi?"

Nikamwambia yote, kuanzia nailoni. Alisikiliza bila kukatiza mpaka nilipofika kwa punda, hapo akavua kofia, akaiweka mezani, akacheka mpaka akakohoa. Kisha akaivaa, akawa afisa tena. Alisema karatasi ikipotea haifichwi. Inawekwa karatasi nyingine mahali pake inayoeleza ilikuwa nini, imekwenda wapi, na nani anashuhudia. Akanipa A4, gundi na biro. Nikakibandika kile kipande pembeni juu, mkono wa kulia, na chini yake nikaandika: "Folio ya 41, malalamiko ya mwenye duka kuhusu daftari lililoliwa. Imeliwa na mhusika. Kilichosalia kimebandikwa."

Faili likapanda kwa bosi saa nne. Saa sita likarudi. Kwenye ukurasa wa madokezo, kwa mwandiko wake uleule usiojua mzaha, alikuwa ameandika: "Mhusika apewe siku 7 ajieleze."

Nikamtazama Mzee. Mzee akasema agizo la maandishi hutekelezwa. Nikaiandika barua, kwa punda wa kijivu wa Mkunguni, kupitia kwa mwenye punda, nikaipa namba 113, nikaipeleka kwa miguu. Siku ya nne jibu likaja, nusu ukurasa, linasema punda huyo si wake na hamjui. Nikaligonga muhuri, nikaliingiza daftarini, nikalitoboa, na juu, mkono wa kulia, kwa biro, nikaandika 114.