Chupa 40 za Kuikomboa Jamii

Semina ilikuwa ya siku mbili pale Mtwara mjini, na mwezeshaji alitoka Dar. Alituambia biashara isiyo na "kwa nini" ni mtumbwi usio na kafi. Wenzangu walishazipata kwa nini zao kabla ya chai ya saa nne: mmoja taulo za kike za wanafunzi, mwingine plastiki za ufukweni. Mimi nilitoka na daftari tupu na posho.

Nikaenda Newala kwa bibi kutafuta msukumo. Ilikuwa Novemba, msimu wa korosho umechanganya, kwa hiyo msukumo ulianza kwa kuinama. Unaokota bibo lililoanguka, unalinyonga korosho yake, korosho unatia ndooni, bibo unatupa. Siku ya pili, nimekaa chini ya mkorosho, nimezungukwa na mabibo mekundu na ya njano yanaoza, inzi wanashangilia, ndipo ikanijia. Bibo lina vitamini C kulishinda chungwa, nasi tunalitupa, huku watoto shuleni wanakunywa maji ya rangi! Nililia. Kweli nililia, ingawa machozi mengine yalikuwa ya utomvu wa korosho niliojifutia jichoni.

"Bibi, nataka kutengeneza juisi ya mabibo."

"Ya kuuza?"

"Ya kuikomboa jamii."

"Haya. Lakini uchemshe, njukuu wangu."

Nikamweleza kwa upole kwamba moto unaua vitamini. Bibi akanitazama, akarudi kwenye korosho zake.

Nisijidharau, kazi ngumu niliifanya vizuri. Niliponda kinuni, nikachuja kwa khanga kuukuu. Ule ukakasi unaokwaruza koo nikautoa kwa uji mwepesi wa muhogo: unakoroga, unaacha, uchafu unashuka chini kama tope, juu inabaki juisi ya rangi ya asali. Nikajaza chupa 40 za nusu lita, nikakaza vizibo kwa nguvu zangu zote, nikabandika karatasi nilizoandika kwa mkono: "KESHO YAO". Zikalala chini ya kitanda, usiku wa joto.

Asubuhi chupa 30 zikaingia kwenye buti la basi, 10 nikazipakata begini za kuonjesha. Jirani yangu kitini alikuwa ustadhi, kanzu nyeupe inanukia udi, anakwenda Mtwara kuozesha.

"Umebeba nini, kijana?"

"Juisi ya watoto, ustadhi."

"Mashaallah."

Tulipoipita Tandahimba jua lilikuwa limeshika na begi likaanza kunguruma. Kupapasa, chupa zimevimba makalio, haziwezi hata kusimama. Nikasema nilegeze kizibo kimoja, kidogo tu, ipumue.

Kizibo kilikwenda darini. Juisi ikakifuata, ikaghairi, ikamshukia ustadhi kuanzia kofia. Basi zima likanyamaza. Harufu ikatembea kiti kwa kiti mpaka nyuma kabisa, ambako mzee mmoja aliita, kwa sauti ya mtu aliyekutana na rafiki wa utotoni:

"Uraka!"

Kabla sijajitetea kwamba ni juisi, si pombe ya mabibo, chini yetu kukalia puu! Puu! Dereva akafunga breki, konda akaruka kukagua matairi, akayazunguka yote, mazima. Akafungua buti. Nilimsikia akicheka kabla sijamwona.

Abiria wakashuka. Yule mzee tayari alikuwa na kikombe, sijui alikitoa wapi. "Shingapi?" Kwa mshtuko nikajibu buku. Chupa 19 zilizonusurika ziliisha palepale kando ya barabara, karatasi za KESHO YAO zikipeperukia kwenye mikorosho ya watu. Mwezeshaji alisema soko la kwanza huchukua miezi. Langu lilichukua robo saa.

Ustadhi alibaki kivulini, amejishika upindo wa kanzu.

"Kijana, doa la bibo linatolewa na nini?"

Nikatazama viatu vyangu. "Halitoki, ustadhi."

"Najua. Nilitaka ulitamke wewe."

Mtwara nikampeleka dukani tununue kanzu nyingine, maana maharusi walikuwa wanangoja. Nikatoa zile elfu kumi na tisa. Akanyoosha kiganja kuzizuia.

"Hiyo ya uraka siitaki."

Basi ikatoka posho ya semina, yote, na nauli ya kurudi.

Jioni bibi akapiga simu. Habari zilishamfikia, nadhani kwa konda.

"Ulichemsha?"

"Sikuchemsha, bibi."

Akakaa kimya kidogo.

"Na vitamini, zimefika salama?"